Kuongea na Paka, na Kumjibia

Mtu akisikika jikoni anamuuliza paka, "Leo ulikuwa wapi wewe?", wanaomsikia hugawanyika papo hapo. Wako watakaocheka. Wako watakaosema maskini, upweke umemzidi. Na wako watakaonong'ona kwamba paka yule si bure.

Ubishi huu ni wa zamani, ila miaka ya karibuni umechochewa na mambo mawili. La kwanza ni video za paka wanaobonyeza vitufe vilivyopangwa sakafuni, kila kitufe kikitamka neno lake: "chakula", "nje", "sitaki". La pili ni programu za simu zinazodai kugeuza mlio wa paka kuwa sentensi. MeowTalk ilitoka mwaka 2020, na aliyeibuni aliwahi kufanya kazi kwenye Alexa ya Amazon. Mei 2025 ikaripotiwa kwamba Baidu, kampuni kubwa ya China, imeomba hataza ya mfumo wa akili unde wa kutafsiri sauti za wanyama. Mwenye paka amebaki katikati: bibi anamwambia paka hajui kitu ila harufu ya samaki, simu inamwambia paka wake ametamka "nakupenda".

Vurugu hii imetokana na maswali mawili kutiwa katika chungu kimoja. Kuna swali la kama paka anapata chochote katika maneno yetu. Kuna na swali la kama sisi tunayajua majibu yake. La kwanza lina ushahidi mzuri kuliko wengi wanavyodhani. La pili lina ushahidi hafifu kuliko wauzaji wa programu wanavyotangaza, na huko ndiko madhara yaliko.

Paka aliingiaje nyumbani

Paka wa nyumbani ni mjukuu wa paka pori wa Afrika na Mashariki ya Kati, Felis lybica, ambaye hadi leo anawinda katika nyika za Afrika Mashariki. Huko Cyprus wanaakiolojia walifukua kaburi la miaka ipatayo 9,500 ambamo paka alizikwa karibu na mtu. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba nafaka iliwaleta panya, panya wakamleta paka, na mkulima hakuona sababu ya kumfukuza. Mbwa alichaguliwa kizazi baada ya kizazi kwa kusikia amri: achunge, alinde, afuate. Paka hakuchaguliwa kwa hilo. Kazi yake aliifanya usiku, peke yake, bila kuhitaji kuelekezwa na mtu. Kwa hiyo anayempima paka kwa kipimo cha mbwa, kwamba akiitwa hafiki basi haelewi, ameanza hesabu vibaya.

Kwetu paka wengi bado ni wafanyakazi. Wako kwenye maghala ya mahindi, maduka ya nafaka, na majiko ya shule za bweni. Katika miji ya pwani, Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar hasa, paka ni wakazi kama wakazi wengine: mkata samaki akianza kuparua magamba, wanajipanga nyuma yake kwa umbali wanaoujua wenyewe, maana wanajua kisu hicho kinaishia kwenye utumbo na mashavu ya samaki. Uislamu uliwapa nafasi ya pekee. Katika hadithi iliyopokewa na Abu Dawud na Tirmidhi, paka hahesabiwi najisi, ni katika wale wanaotuzunguka majumbani. Na wahenga wakasema paka wa nyumba haingwa.

Ukikaa katika nyumba yoyote yenye paka siku nzima, utagundua kwamba hata wanaoapa kuwa hawaongei na paka wanaongea naye tangu asubuhi. "Toka mezani!" "We paka, hebu!" "Pusi, pusi, njoo." Kinachobishaniwa hasa ni aina ya maneno: amri zinaruhusiwa, mazungumzo yanaonekana aibu.

Wanaosema ni upuuzi

Upande huu una wanafikra wazito. Mwaka 1637 mwanafalsafa Descartes aliandika kwamba mnyama ni kama mtambo, na ushahidi wake mkubwa ulikuwa kwamba mnyama hatumii maneno. Mwaka 1894 mwanasaikolojia Conwy Lloyd Morgan alitoa kanuni ya upole zaidi, ambayo bado inafundishwa: tendo la mnyama likielezeka kwa uwezo mdogo wa akili, usilieleze kwa uwezo mkubwa. Paka anayekuja mbio sufuria ikigongwa hahitaji kujua maana ya "chakula". Inatosha kwamba kila sufuria inapogongwa kuna kinachodondoka.

Silaha yao nzito ni kisa cha farasi wa Berlin aliyeitwa Hans. Mwenyewe, mwalimu Wilhelm von Osten, aliamini kwa dhati kwamba farasi wake anajua hesabu. Ukimuuliza tatu na nne, anapiga kwato mara saba na kuacha. Tume ya mwaka 1904 haikuona udanganyifu wowote. Ndipo Oskar Pfungst akafanya jambo rahisi: akawatumia waulizaji wasiojua jibu. Farasi akashindwa. Alikuwa akimsoma muulizaji, jinsi alivyoinama kidogo mwanzoni na jinsi kichwa chake kilivyoinuka bila kujijua pale kwato lilipofika kwenye idadi sahihi.

Kisa hiki hutajwa kumnyamazisha kila anayesifu akili ya mnyama wake, na kinastahili. Lakini kina upande wa pili ambao wenye mashaka huuruka. Farasi aliyeshindwa kujumlisha alikuwa anauona mwendo wa kichwa ambao wajumbe wa tume wenye elimu hawakuuona. Mnyama asiyejua lugha alikuwa anamjua mtu.

Kwetu mashaka yana pia sura isiyo ya kisayansi. Pwani watu huhofia kwamba paka wa usiku anaweza kuwa jini, na anayezungumza na paka huonekana ana mawasiliano asiyopaswa kuwa nayo. Mara nyingi hofu hii huishia kwenye utani. Si mara zote. Tanzania imeona wazee, wengi wao wanawake, wakiuawa kwa tuhuma za uchawi katika Kanda ya Ziwa, kwa ushahidi mdogo kama macho mekundu yaliyotokana na moshi wa miaka ya kupikia. Mahali ambapo macho mekundu yanatosha kumhukumu mtu, kumcheka bibi anayezungumza na paka wake si mchezo.

Wanaosema anaelewa kila kitu

Hawa nguvu yao ni uzoefu. Wameishi na paka, wanajua anatangulia mlangoni kabla mwenye nyumba hajafika, anajificha likitajwa jina la daktari wa mifugo. Udhaifu wao uko kwenye kumbukumbu: siku paka alipofanya kinachofanana na jibu husimuliwa mwaka mzima, na siku mia alizolala tu hazina msimulizi. Video za vitufe zina kasoro hiyohiyo. Anayepiga picha ndiye anayechagua dakika ya kutuonyesha, na ndiye anayesema "sitaki" ya paka ilimaanisha nini. Mwaka 2024 kundi la Federico Rossano wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba mbwa waliozoezwa huitikia ipasavyo maneno ya vitufe kama la kucheza na la kwenda nje. Hilo ni jambo. Ila kuitikia neno "nje" kuko mbali sana na kupanga vitufe vitatu ili kulalamikia maisha, na hao walikuwa mbwa.

Mtoto aliyepita madrasa anajua kwamba kufundishwa usemi wa ndege kulihesabiwa fadhila maalumu aliyopewa Nabii Suleiman. Simu inayodai kutoa fadhila hiyo kwa ada ya mwezi inastahili kuulizwa maswali zaidi kidogo.

Watafiti wamekuta nini

Hapa ndipo mambo yamebadilika zaidi, na kazi kubwa imefanywa Japani. Mwaka 2013 Atsuko Saito na Kazutaka Shinozuka walichapisha jaribio lililofanyiwa paka 20 majumbani mwao. Mwenye paka akiwa haonekani, paka alisikilizishwa sauti za wageni watatu, mmoja baada ya mwingine, wote wakimwita kwa jina lake. Mara ya kwanza masikio yanageuka. Mara ya pili yanageuka kwa uvivu, na ya tatu paka ameshachoka na wageni. Kisha ikafuata sauti ya mwenyewe, na masikio na kichwa vikaamka tena. Hapo lipo jambo la kuzingatia: paka hawakulia na hawakuinuka kwenda. Walitambua, wakabaki walipo. Kila aliyewahi kumwita paka akaishia kutazamwa tu anaweza kupata faraja kidogo.

Mwaka 2019 Saito na wenzake walionyesha kwamba paka hutofautisha jina lake na maneno mengine yenye urefu na kiimbo kilekile, hata likitamkwa na mgeni. Waliokuwa na shida ni paka wa mkahawa wa paka, yaani mkahawa ambako wateja hukaa na paka: jina lao walilitofautisha na maneno ya kawaida, lakini hawakulitofautisha na majina ya wenzao. Sababu inawezekana ni kwamba mahali ambapo kila mteja anaita kila paka, kuitikia jina lako hakukupatii zaidi ya kuitikia la mwenzako. Jina linakuwa na maana pale linapoleta kitu.

Jaribio la Saho Takagi na wenzake la mwaka 2024 lilienda mbali zaidi. Paka 31 walionyeshwa kwenye skrini picha mbili za katuni, moja ikiambatana na sauti ya mwenye paka ikitamka "keraru", nyingine "parumo", maneno yasiyo na maana yoyote. Kisha maneno yakabadilishiwa picha. Paka wakaitazama skrini kwa muda mrefu zaidi, kama anayesema hapa pana kasoro. Yaani walikuwa wameunganisha neno na picha bila kupewa hata dagaa mmoja.

Ufaransa nako, Charlotte de Mouzon na wenzake wa Chuo Kikuu cha Paris Nanterre waliuliza kuhusu namna ya kusema. Watu wengi wakiongea na paka hupandisha sauti na kurudiarudia, kama wanavyombembeleza mtoto. Katika utafiti wa mwaka 2022, paka 16 walitofautisha sauti ya mwenyewe anaposema nao hivyo na sauti yake anapoongea na mtu mzima. Mgeni alipobadilisha sauti vilevile, hawakujali. Ni sauti ya mtu mmoja, katika uhusiano mmoja. Hii inalingana na walichoripoti Denis Burnham na wenzake wa Australia mwaka 2002: akina mama walipandisha sauti na kuijaza mapenzi kwa mtoto na kwa mnyama pia, lakini irabu walizitamka kwa ufasaha wa ziada kwa mtoto peke yake. Yaani mtoto walikuwa wanamfundisha lugha, paka walikuwa wanampa sauti tu. Wao wenyewe bila kujua walishalijibu swali la kama paka anajifunza lugha, kwa vinywa vyao.

Ushahidi huu una mipaka. Makundi ni madogo, na wengi wa paka hawa huishi ndani ya nyumba za kisasa karibu na mtu wao. Wengi wa paka wa Ufaransa walikaa na wanafunzi kwenye vyumba vidogo, mtu mmoja na paka mmoja. Paka wa soko la samaki ana maisha mengine kabisa, na utoto wake ndio unaoamua: paka asiyeshikwa na mtu kati ya wiki ya pili na ya saba ya maisha yake kwa kawaida hukua akimwogopa binadamu, na hapo maneno matamu hayamfikii. Tena sauti peke yake haitoshi. Utafiti mwingine wa de Mouzon, wa mwaka 2023, ulikuta kwamba paka wa mkahawani walimkaribia mgeni haraka zaidi alipotumia ishara za mkono na macho kuliko alipotumia sauti tupu.

Na paka naye husema

Paka wakubwa wakiwa wenyewe kwa wenyewe hulia "nyau" kwa nadra. Hukoromeana, hutoa sauti za kupigana na za kujamiiana, lakini nyau ile ya kuombea ni ya kitoto kwa mama yake, na paka wa nyumbani huiendeleza utu uzimani kwa ajili yetu. Nicholas Nicastro wa Chuo Kikuu cha Cornell alilinganisha milio ya paka wa nyumbani na ya paka pori wa Afrika, na wasikilizaji wakaiona ya wa nyumbani kuwa mitamu zaidi. Karen McComb wa Chuo Kikuu cha Sussex alionyesha mwaka 2009 kwamba ndani ya ule mkoromo wa kuomba chakula asubuhi umefichwa mlio mwembamba unaofanana na kilio cha mtoto mchanga, ndiyo maana ni vigumu kuendelea kulala. Nani anamzoeza nani, ni swali halali.

Lakini Nicastro na Michael Owren walipowasikilizisha watu milio iliyorekodiwa na kuwauliza ilitoka katika hali gani, majibu yalikuwa juu kidogo tu ya kubahatisha. Waliozoea paka walifanya vizuri zaidi, ila si sana. Hii inaeleza kwa nini mtafsiri wa jumla ana kazi ngumu. Milio hii haiko kama maneno ya lugha moja wanayoishiriki paka wote. Paka hujaribu mlio, akiona mlango umefunguka anaushika, na nyumba ya pili mlio huohuo unaweza kuwa wa kitu kingine. MeowTalk huwaruhusu watumiaji kuisahihisha, lakini anayesahihisha ni mtu anayebahatisha. Ukikusanya bahatisho laki moja umepata wastani wa bahatisho.

Gharama ya kumjibia

Kumsemesha paka hakumdhuru. Kumjibia kunaweza kumdhuru. Mfano ulio wazi zaidi ni mkojo. Paka dume aliyezoea kwenda nje au kwenye mchanga wake anaanza kukojoa kitandani, au anachuchumaa mara kwa mara bila kutoka kitu. Mwenye nyumba anayeamini anamfahamu anatamka jibu kwa niaba yake: amekasirika kwa sababu tumesafiri, analipiza kisasi. Anamgombeza, pengine anamfungia nje. Kumbe huenda mrija wa mkojo umeziba, hali inayompata zaidi dume kwa kuwa mrija wake ni mwembamba, na isipotibiwa huua ndani ya siku chache. Kisasi ni hadithi nzuri kwa sababu inatuweka sisi katikati yake. Ugonjwa hautuhusu, ndiyo maana hatuufikirii.

Paka pia huficha maumivu. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Montréal walichapisha kipimo cha maumivu kinachosoma uso wa paka kwa mambo matano: masikio, jicho lililobanwa, pua na mdomo, sharubu, na mahali kichwa kilipo. Mlio haumo. Wataalamu waliotafuta njia ya kujua paka anaumwa waliacha kumsikiliza wakamtazama.

Upande mwingine wa kosa hili ni kumjibia "hana habari". Watafiti wa Sussex walikuta mwaka 2020 kwamba mtu akimtazama paka na kufumba macho polepole, paka huelekea kurudisha ishara hiyo na kumkaribia. Anayeamini paka hana mawasiliano yoyote atakuwa ameshampita mara nyingi bila kumwona.

Kwa anayesema

Hapa panatosha maneno machache. Nicholas Epley na wenzake wa Chicago walionyesha mwaka 2008 kwamba watu wanaohisi upweke huelekea zaidi kuwapa wanyama na vitu sifa za kibinadamu. Wengine huchukua hilo kama ushahidi wa kasoro. Linaweza kusomwa kinyume: mtu mwenye kiu hutafuta maji, na maji aliyoyapata hayakuleta kiu. Mzee ambaye watoto wake wako Dar, Nairobi au Muscat na simu inaita Jumapili tu, akisema kwa sauti hata kwa paka, amesikia sauti yake siku hiyo. Tena paka hapeleki habari kwa jirani. Tatizo linaanza pale watoto wanaposema "baba ana paka wake" na kuacha kupiga simu.

Tupime

Wenye mashaka wako sahihi kuhusu sentensi: paka hafuati kisa unachomsimulia, na hakuna jaribio linalodai hivyo. Wamekosea kuhusu mtu, kwa maana sauti ya mwenyewe, jina lake, na namna anavyosemeshwa vinamfikia. Wanaoamini kila kitu wamelipata la uhusiano na kulipoteza la tafsiri. Kati ya makosa hayo mawili, maoni yangu ni kwamba la pili ndilo ghali. Anayemdharau paka anakosa rafiki, lakini anayemjibia kwa uhakika anaweza kumpoteza kwa ugonjwa aliouita kiburi. Kwa hiyo programu ya kutafsiri, hata ikiwa ya bure, si ya kuaminiwa mahali pa daktari wa mifugo, na katika wilaya ambazo daktari huyo yuko mbali, jicho la mwenye paka lina thamani kuliko simu yake.

Anayetaka kujua paka wake anasikia nini anaweza kufanya jaribio la Saito la jina bila maabara. Paka akiwa ametulia, tuseme jina lake Simba, amkalie kwa mbali, atamke kwa sauti ileile bila haraka: kamba, shoka, sufu, ndizi, Simba. Asitumie "meza", maana hilo huenda analijua kwa kufukuzwa. Asiinue kichwa kwenye neno la mwisho. Aangalie masikio, asingoje mlio.